Sura ya Saba: Maji ya Nusu Saa

"Ulimchukia?"

"Nilimchukia," Nik Ruslan alijibu. "Andika. Andika kwa herufi kubwa ukitaka."

Inspekta Thilagavathi, Thilaga kwa kifupi, hakuandika. Juu ya meza ya chumba cha mahojiano kulikuwa na faili, glasi ya chai iliyokwisha kupoa, na mfuko mdogo wa nailoni wenye kipande cha alumini kirefu kama kidole, kilichogongwa namba 4 kwenye ncha. Ilikuwa Jumanne, saa mbili na nusu asubuhi. Saa nane mchana huyu bwana angesimamishwa mbele ya hakimu na kusomewa shtaka la kumuua Dokta Khoo Guat Sim, na shtaka la namna hiyo halilipiwi faini.

Mambo yenyewe yalijulikana kituo kizima. Jumamosi asubuhi, kwenye kiwanda cha Cahaya Serbuk kule Batu Kawan, Dokta Khoo alifungua filta ya mashine inayochapa vipuri vya metali kwa leza. Filta ikamlipukia usoni. Alifia ndani ya gari la wagonjwa. Filta hiyo ilitakiwa iwe imejazwa maji tangu Ijumaa, na mwenye kazi hiyo alikuwa fundi wake, huyu Ruslan, Mmalei wa Kelantan wa miaka arobaini na moja, ambaye mwezi uliopita alimwambia marehemu mbele ya kantini nzima kwamba siku akifa atachinja ng'ombe alishe kijiji. Wataalamu wa moto walikuta sanduku la filta halina hata tone.

"Hiki tulikikuta kwenye mfuko wa koti la marehemu," Thilaga alisema, akikisukuma kile kipande. "Namba nne. Kwa Wachina wa hapa nne ni kifo. Jengo lenu lenyewe halina ghorofa ya nne. Bosi wangu anasema ulimwekea kumtisha, kisha ukamalizia na filta."

Ruslan alicheka kicheko kikavu. "Bosi wako ana akili za kuku, Puan," alisema, akimwita 'bibi' kwa heshima ya Kimalei. "Samahani. Za kifaranga."

"Endelea kutukana. Una muda mwingi sana wa kukaa ndani."

"Miaka kumi na moja nagonga namba vipande vya yule mama. Moja, mbili, tatu, tatu A, tano. Nne haipo! Siku yangu ya kwanza kazini niligonga nne, akanirushia kile kipande. Tazama." Alisogeza uso na kumwonyesha kovu juu ya nyusi. "Nyuzi tatu nilishonwa. Tangu siku hiyo hata kwenye lifti nikiona nne napanda ngazi. Hicho si changu. Na si cha mashine yetu."

"Umejuaje?"

"Kina usafi wa kijinga. Kimechongwa kote. Vya kwetu tunaacha kisigino, ncha ya chini, bila kuchonga, kina mikwaruzo kama msasa, ili aone matabaka ya leza. Hakuna aliyethubutu kumpelekea kipande kisicho na kisigino."

Thilaga alivuta kiti. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na tano, mwembamba, sauti yake nzito kuliko mwili wake, na alikuwa hapendi kuchekwa na mahabusu. Lakini alipenda zaidi kujua kitu ambacho bosi wake hakukijua. "Nieleze hiyo mashine. Nieleze kama unamweleza mama yako."

"Mama yangu angeelewa upesi zaidi."

"Ruslan!"

"Haya." Alipangusa uso kwa viganja. "Kuna alumini yenye zinki. Ngumu, nyepesi, ndiyo wanayojengea ndege. Ukiikata kwenye bamba, haina shida. Ukiifanya unga ukaiyeyusha kwa leza, tabaka juu ya tabaka, ikipoa inapasuka kama shamba la mpunga wakati wa kiangazi. Na zinki yenyewe inachemka, inaruka kama mvuke. Yule mama kakaa miaka tisa anapika mchanganyiko wa kwake. Akazidisha zinki kwenye unga, ili inayoruka iruke na inayobaki itoshe. Akatia zirikoni, kiasi cha chumvi kwenye mchuzi, metali igande kwa punje ndogondogo isipasuke."

"Akaweza?"

"Vipande vidogo vinatoka safi. Vikubwa bado vilikuwa vinapasuka. Alikuwa anasema miaka miwili zaidi. Dokta Teoh yeye alishawaahidi wanunuzi mwezi huu."

Dokta Teoh Kian Hock alikuwa mkurugenzi wa Cahaya Serbuk. Ndiye aliyepiga simu zimamoto, na ndiye aliyewapa polisi jina la Ruslan kabla moshi haujatoka chumbani.

"Hiyo zinki inayoruka inakwenda wapi?"

"Kwenye filta. Inageuka masizi. Masizi yale yakikutana na hewa yakiwa makavu, ni moto huo. Kwa hiyo unajaza maji, unaacha yalale usiku kucha. Masizi ni kama unga, Puan. Ukiumwagia maji juu unalowa, katikati mkavu. Mpaka ulale."

"Na wewe ulijaza."

"Madumu mawili ya lita ishirini. Ijumaa, saa kumi na moja jioni. Nikasaini karatasi, nikaenda zangu."

"Nani alikuona?"

"Mungu."

"Hakimu hatamwita Mungu. Lita arobaini zilikwenda wapi, Ruslan? Zilipaa?"

Ruslan alipiga meza kwa kiganja, pingu zikalia. "Mpelelezi nani, mimi au wewe? Mimi nimeletwa hapa kuchinjwa. Mbuzi haulizwi kisu kimetoka wapi!"

Koplo Zahari alichungulia mlangoni. Thilaga alimpungia mkono arudi. Akachukua mfuko wa nailoni na faili lake, akatoka bila kuaga, na moyoni alikuwa amekasirika, kwa sababu mtu anayedanganya huwa anajitahidi kupendwa, na huyu hakujitahidi hata kidogo.

*

Maabara ilikuwa imemwambia majibu ya kipande yatachukua wiki tatu. Wiki tatu! Yeye alikuwa na saa tano. Kwa hiyo alimwambia Koplo Zahari aelekeze gari Simpang Ampat, kwa Apek Seng, mzee wa vyuma chakavu, ambaye mwaka juzi Thilaga alimsumbua katika kesi ya nyaya za shaba mpaka mzee akamchoka. Katika yadi ile kulikuwa na kitu kimoja alichokikumbuka: kifaa cha eksirei chenye umbo la bastola, ambacho mzee alikitumia kupima kila metali aliyoletewa, asije akauziwa mbuzi kwenye gunia.

"Mara hii ni mfuniko wa mtaro gani?" Apek Seng aliuliza kabla hata gari halijazimwa. Alikuwa amevaa fulana iliyotoboka na kandambili. "Sina mfuniko. Sina nyaya. Sina kengele ya kanisa."

"Sijauliza kitu bado, Apek."

"Polisi akinyamaza ndipo ninapoogopa."

Thilaga alimpa kipande, kikiwa ndani ya mfuko wake. Mzee alikipima uzito mkononi, akakinusa, maana alikuwa mtu wa kunusa kila kitu, kisha akavaa glavu, akakitoa na kukiweka juu ya tofali. Alielekeza kifaa, akabonyeza. Haikupita muda wa kupiga chafya, kioo kidogo kikaandika.

"Zinki tano nukta sita. Shaba moja na nusu. Kromi nukta mbili."

"Zirikoni?"

"Hakuna."

"Hata kidogo? Kiasi cha chumvi?"

"Wewe unanunua chuma au unapika kari? Hakuna maana yake hakuna. Sifuri." Mzee alimrudishia. "Hili ni bamba la ndege. Limepitishwa kwenye roli kiwandani, likakatwa. Wachongaji wa Bukit Minyak wananiletea mabaki yake kila Alhamisi."

"Linaweza kuwa limechapwa kwa leza?"

"Bila zirikoni? Waliniletea unga wa namna hiyo kutoka Batu Kawan, na vipande vilivyopasukapasuka gunia zima. Ukikibonyeza kimoja unapata viwili." Apek Seng alimtazama kwa jicho moja. "Bibi mmoja alikuja hapa Alhamisi na kipande kama hicho hicho, akataka nipime. Mkali kama pilipili. Nikamwambia hivyo hivyo nilivyokuambia. Akaniita mwongo, akanifanya nipime mara tatu, halafu akakaa pale kwenye tairi."

"Akafanya nini?"

"Alikaa tu. Nilimpa maji, hakunywa. Nikamwambia bibi, kama umeuziwa, karudishe. Akasema, 'Sikuuziwa. Jina langu ndilo limeuzwa.' Sikumwelewa. Wenye digrii hawaeleweki."

Thilaga alirudi garini. Mkate wa roti canai alioununua njiani hakuwa na hamu nao tena. Kwenye faili ilikuwapo taarifa ya Dokta Teoh mwenyewe: wanunuzi walikuwa wameonyeshwa vipande kumi na viwili vizuri visivyo na ufa. Kumbe vilikuwa vimekatwa kutoka kwenye bamba la kawaida, vikagongwa namba na mchongaji asiyejua mwiko wa mtu, na vikapewa jina la mchanganyiko wa Dokta Khoo. Marehemu alikinyakua kimoja, akakipeleka kwa Apek Seng, akajua.

Sasa aliona kwa nini mama yule, ambaye kwa maneno ya kila mtu hakuwahi kushika filta, alikwenda kuifungua kwa mikono yake. Mashine ikichapa vipande kumi na viwili huacha zinki nyingi kwenye masizi. Isipochapa, haiachi. Dokta Khoo hakwenda kusafisha filta. Alikwenda kuchukua ushahidi.

Simu ililia. Alikuwa Supritendenti Zawawi, bosi wake, ambaye kituo kizima kilimwita Tuan, yaani bwana.

"Uko wapi?"

"Simpang Ampat, Tuan."

"Simpang Ampat kuna nini? Nasi lemak, wali wa nazi? Faili niletewe saa sita. Gari la mahakama linaondoka saa saba na nusu."

"Tuan, kipande hakikuwa kitisho. Naomba siku moja."

"Thilaga, mtu amesema hadharani atachinja ng'ombe bibi akifa. Bibi amekufa. Unataka ng'ombe ndiye aje atoe ushahidi?" Akakata.

*

Watu wa ofisi za vioo wana tabia moja: wanakuona tangu ukiwa mbali, na bado wanakuweka nje. Dokta Teoh alimwacha Thilaga asimame ukumbini dakika ishirini huku akimtazama. Alikuwa mtu nadhifu wa miaka hamsini na mbili, fulana ya kampuni imepigwa pasi, saa ya fedha mkononi.

"Nina wageni saa tisa, wale wanunuzi," alisema mlango ulipofunguliwa. "Sema haraka. Na ningeshukuru kama mngewakamata wezi wa pikipiki badala ya kunijia kila siku."

"Wezi wa pikipiki hawaui wanasayansi, Dokta. Nieleze tu vile vipande kumi na viwili. Mimi sina elimu."

"Naona."

Alikaa kitini akaeleza, na akaeleza vizuri, maana mwenye majivuno hawezi kukataa kufundisha. Vipande vilichapwa wiki tatu zilizopita, kwenye mashine hii hii, saa thelathini na moja mfululizo. Havikupasuka hata kimoja. Ni ushindi wa kwanza wa namna yake katika eneo hili la dunia.

"Na siri ya kutopasuka ni zirikoni?"

"Kwa lugha ya watoto, ndiyo."

"Bila hiyo vingepasuka?"

"Vyote. Mtoto wa mwaka wa pili chuo anajua."

Thilaga aliweka kipande mezani. "Hiki hakina zirikoni hata chembe. Na hakijapasuka."

Dokta Teoh hakukitazama. Alitazama dirisha. "Nani kapima?"

"Mzee wa vyuma chakavu."

"Mzee wa—" Alicheka. "Ndiyo maabara yenu siku hizi?"

"Anapima tani kumi kwa wiki, na akikosea ni hasara yake. Wewe ukikosea ni hasara ya nani?"

Kicheko kilikatika. Mkurugenzi aliegemea nyuma, akafunga mikono kifuani. Alikuwa ameshapata pa kusimama.

"Sawa. Tuseme kuna tatizo la sampuli. Hilo ni baina yangu na wanunuzi na mawakili. Huna sehemu hapo, Inspekta. Wewe una maiti, na maiti imesababishwa na fundi asiyejaza maji. Sanduku lilikuwa kavu. Watu wako wenyewe wameandika. Au nao ni wa vyuma chakavu?"

Hapo alimbana, na Thilaga alijua amebanwa. Udanganyifu haukumwondoa Ruslan kizimbani. Saa ya ukutani ilionyesha saa sita na dakika arobaini.

"Jumamosi ulizungumza na Dokta Khoo?"

"Nimeshasema mara tatu. Sikumwona. Nilisikia mlipuko."

"Ijumaa jioni kadi yako ilifungua stoo ya taka. Saa kumi na moja na dakika thelathini na nne. Nusu saa baada ya Ruslan kusaini karatasi ya maji."

"Nilifuata glavu. Nalo nimeshasema."

"Mkurugenzi anafuata glavu kwenye stoo ya taka?"

"Mimi si mtu wa kutuma watu."

"Basi twende ukanionyeshe zinapokaa."

Alisimama kabla hajajibiwa. Kwa mara ya kwanza Dokta Teoh alimfuata yeye, badala ya kumtangulia, na Koplo Zahari akafuata nyuma yao.

Stoo ya taka ilikuwa banda la bati nyuma ya kiwanda, lina joto la tanuri. Glavu hazikuwepo. Ukutani palikuwa na tangazo lililoandikwa kwa wino mweusi mnene, kwa Kichina, Kimalei na Kitamil, na Thilaga alilisoma kwa Kitamil chake: MAJI YA MASIZI YANATOA GESI. ANAYEKAZA KIFUNIKO NI MPUMBAVU. Chini yake, K.G.S. Alimsikia yule mama ambaye hakuwahi kumwona akiwa hai, na akampenda kidogo.

Chini ya tangazo mapipa ya plastiki ya bluu yalipangwa mstari mmoja, vifuniko vimelegezwa kama ilivyoamriwa. Matano. La sita lilikuwa kwenye kona, nyuma ya maboksi. Lilikuwa limevimba tumbo na kitako mpaka limeinuka sakafuni upande mmoja, na kifuniko chake kilikuwa kimekazwa hadi mwisho.

Thilaga alinyoosha mkono.

"Usiguse!" Dokta Teoh alipiga kelele. Alikuwa ameshafika mlangoni.

"Kwa nini? Kuna nini ndani?"

"Sijui. Ni hatari tu kwa... Limevimba. Mtu yeyote anaona."

"Koplo," Thilaga alisema bila kugeuka, "karatasi iliyobandikwa mlangoni inasemaje?"

Koplo Zahari aliisoma polepole. Ijumaa asubuhi, ukaguzi wa usalama. Mapipa ya maji ya masizi: matano. Sahihi.

"Matano Ijumaa asubuhi. Leo sita. Jumamosi hadi leo karakana na stoo hii zimefungwa kwa amri yetu, na kadi iliyoingia humu Ijumaa baada ya ukaguzi ni moja tu." Alimgeukia. "Ruslan asingekaza kifuniko. Mwanafunzi wa mazoezi asingekaza. Humu ndani kuna mtu mmoja tu ambaye miaka yote anaongoza kazi hii na hajawahi kuinua pipa lake. Plastiki inashika sana alama za vidole, Dokta. Na humo ndani nadhani nitakuta lita arobaini, zikipungua kidogo."

Bati lilikuwa linalialia kwa jua. Dokta Teoh alivua saa yake, sijui kwa nini, akaishika mkononi.

"Nilitaka masizi tu," alisema.

"Sema kwa sauti."

"Nilitaka masizi yaondoke! Alikuwa amenijia Ijumaa mchana ofisini. Akasema ataifungua filta Jumamosi, atapima zinki, kisha atawaambia wageni yeye mwenyewe. Kwa kinywa chake! Miaka tisa nimemtafutia fedha, nimeinama kwa mawaziri, nimekunywa pombe na watu ninaowachukia. Miaka tisa. Na yeye anasema vipande vipasuke hadharani, hana haraka. Hana haraka!" Hasira ile ilikuwa ya kweli. "Fundi alipoondoka nikayatoa maji na masizi yaliyotoka nayo. Asubuhi ningeibadilisha filta yenyewe. Nilikuwa nimeagiza mpya. Ingefika saa nne."

"Yeye akafika saa tatu."

"Saa tatu kasoro."

"Na maji yalikuwa yamekaa nusu saa tu. Katikati pakavu."

"Sikujua kama katikati pakavu."

"Lakini ulijua maji hayapo. Na saa aliyofika unaijua, kwa hiyo ulizungumza naye."

Alijaribu kuivaa tena saa.

"Dokta. Alikuuliza nini?"

"Aliniuliza nani amejaza maji."

"Ukasemaje?"

"Nilisema Ruslan. Ni kweli! Ruslan ndiye aliyejaza. Sikusema uongo. Ningesema hayapo, angeuliza yamekwenda wapi. Mimi nikarudi ofisini, nikafunga mlango."

"Kwa nini ulifunga mlango?"

Thilaga alimpa Koplo Zahari ishara, pingu zikafungwa palepale chini ya mwandiko wa marehemu. Alikuwa na hamu ya kumzaba kofi. Hakumzaba, na baadaye alijuta kidogo.

*

Ilikuwa saa saba na dakika ishirini na tano alipompata Supritendenti Zawawi kwenye simu. Alimweleza kwa sentensi sita. Bosi alitukana kwa lugha mbili, akauliza kama ana hakika, akatukana tena, kisha akapaza sauti dirishani kwamba gari lisimame, mtu yule ashushwe.

"Naomba nizungumze naye, Tuan."

"Na nani?"

"Na ng'ombe."

Zawawi hakucheka, lakini simu alimpelekea Ruslan. Thilaga alisikia hatua, mlango wa gari, na askari akimwambia mtu aishike vizuri.

"Nani?" Sauti ya Ruslan ilikuwa kavu vile vile ya asubuhi.

"Thilaga. Maji yako nimeyaona. Teoh aliyatoa Ijumaa, akayaficha kwenye pipa. Amekiri. Unakwenda nyumbani leo."

"Sisemi asante."

"Sikuomba."

"Siku tatu nimelala sakafuni. Mke wangu anaitwa mke wa muuaji sokoni. Sisemi asante kwa mtu."

"Usiseme."

Thilaga alidhani atakata. Hakukata.

"Puan, kuna kitu hakiniingii akilini. Sanduku la filta lina kioo pembeni, cha kuonyeshea maji. Kiko hapo, usawa wa macho. Kwa nini hakukitazama? Yule mama hukagua kila kitu. Nikikaza skrubu, anakuja anakaza tena. Nikipima unga, anapima tena mbele yangu, mbele ya watu. Miaka kumi na moja hakuniamini hata na ufagio. Angetazama tu kile kioo angeona hakuna maji. Mbona siku hiyo hakutazama?"

Thilaga alikuwa amesimama kwenye maegesho, jua la mchana limemkaa utosini. Angeweza kusema hajui. Mtu yule alishateseka vya kutosha kwa wiki moja.

"Aliuliza nani amejaza," alisema. "Akaambiwa ni Ruslan. Basi akafungua bila kutazama."

Upande wa pili simu iligonga kitu kigumu, na baada ya muda sauti ya askari kijana ikaingia, ina wasiwasi.

"Puan, umemwambia nini huyu? Amekaa chini katikati ya barabara. Tunamwambia ainuke aende kwake, hataki."